Muchezo ni moja, matoleo ni mingi: juu ya nini wachezaji wa Melee walishika toleo moja tu

Kuko muchezo wa kupigana kwa televizyo wenye ulitoka mwaka 2001. Mpaka leo vijana wa Marekani, Ulaya na Japani wanashindana ndani yake, kwa feza na kwa heshima. Lakini muchezo huo ulitoka mu matoleo mbalimbali, na kila toleo liko na tofauti zake. Wachezaji wakasikilizana juu ya moja tu. Walifikia namna gani, na nani alipoteza kitu? Tunaelezea.

Mu nyumba za michezo za Goma, Bukavu, Bunia ao Uvira, kwenye vijana wanalipa kwa parti, kuko ugomvi moja wenye kila mutu anaujua. Kijana anatoka kartie ingine, anapoteza, kisha anasema: "Hapana, kwetu muchezo hauko hivi. Ile yenu ni ingine." Mara ingine anasema tu juu ya kujitetea. Lakini mara ingine iko na haki. Muchezo wenye jina moja na picha moja kwa kifuniko unaweza kuwa na mambo tofauti ndani.

Kwa dame ni vile vile. Mbele ya kuanza, watu wanaulizana: "Kwenu kete ndogo inakula kwa nyuma, ao hapana?" Wakiisha kusikilizana, wanaweza kucheza. Wasiposikilizana, muchezo unaisha kwa makelele.

Wachezaji wakubwa wa michezo ya zamani walipata tatizo hilo hilo, tena kwa ngazi ya dunia nzima. Muchezo wenye unaonyesha jambo hili muzuri zaidi ni Super Smash Bros. Melee, wenye watu wanauita Melee tu.

Ni muchezo gani huo?

Melee ulitengenezwa kwa Japani na kampuni HAL Laboratory, chini ya uongozi wa Masahiro Sakurai, kwa konsoli ya Nintendo yenye kuitwa GameCube. Ulitoka Japani mu mwezi wa novemba 2001, Marekani mu desemba 2001, na Ulaya mu mei 2002. Kopi zaidi ya milioni 7 ziliuzwa.

Ndani yake, watu wa michezo mbalimbali ya Nintendo wanapigana: Mario, Link, Pikachu, Fox na wengine. Hauna mustari wa uzima wenye unapunguka kama mu Tekken. Kila mara mutu anapigwa, asilimia yake inapanda, na akipigwa tena anaruka mbali zaidi. Mwenye anarushwa inje ya uwanja na kushindwa kurudi, amepoteza uzima moja.

Watengenezaji walitaka muchezo wa kufurahisha jamaa na marafiki. Lakini vijana wakagundua kwamba unaenda mbio sana, na kwamba mutu mwenye mazoezi anaweza kufanya vitu vyenye mutu wa kawaida haoni hata namna vinafanyika. Njo hivyo mashindano yakazaliwa.

Matoleo yalitoka wapi?

Leo muchezo ukiwa na kosa, kampuni inatuma marekebisho kwa intaneti na konsoli inajirekebisha yenyewe. Mu mwaka 2001 haikuwa vile. Diski ikiisha kutoka kwa kiwanda, imetoka. Kama kampuni inaona kosa, inaweza tu kurekebisha zile diski zenye itatengeneza kisha. Zile zenye ziko tayari mu nyumba za watu zinabakia na kosa lao.

Kwa hiyo Melee ya Japani na ya Marekani iko na matoleo tatu: 1.00, 1.01 na 1.02. Tofauti kati yao ni ndogo, makosa machache yenye yalirekebishwa. Kisha kukakuja ile ya Ulaya, na hapo njo tofauti ikawa kubwa.

Watu wazima kati yenu wanakumbuka televizyo za zamani. Unaweka kasete ao konsoli, picha inakuja nyeusi na nyeupe, kumbe televizyo iko mu mufumo mwingine. Unaingia mu menyu, unatafuta PAL, SECAM ao NTSC, na rangi inarudi. Marekani na Japani walikuwa wanatumia NTSC. Sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa PAL. Ni juu ya hiyo wachezaji wanaita toleo la Marekani na Japani "NTSC", na la Ulaya "PAL".

Lakini jina la mufumo wa televizyo haliseme yote. Kwa sababu Ulaya ilipata muchezo miezi karibu sita nyuma, watengenezaji walikuwa na wakati wa kuangalia watu wanacheza namna gani. Wakatumia nafasi hiyo kurekebisha nguvu za wapiganaji wenyewe.

Tofauti ndogo, matokeo makubwa

Tuangalie mifano. Fox ni mumoja wa wapiganaji wenye nguvu zaidi. Mu toleo la Ulaya walimupunguza uzito kidogo, na moja ya mapigo yake makubwa, lile la kupiga juu, likapunguzwa nguvu. Mutu mwepesi anarushwa mbali zaidi akipigwa. Basi Fox wa Ulaya anakufa mbele kidogo na anaua nyuma kidogo. Marth naye alipunguzwa uzito.

Falco iko na pigo la kushuka, lenye linamutuma mwenzake moja kwa moja mu shimo. Mu NTSC, mwenye kupigwa hivyo hana namna ya kukata ule mwanguko kwa kuruka. Mu PAL anaweza, kama anafinya kwa wakati wake. Pigo ni moja, kwa macho linafanana, lakini huku mutu anakufa na kule anarudi.

Mufano wa tatu ni Sheik. Mu NTSC, anashika mwenzake, anamutupa chini, na mbele huyu apate nafasi ya kufanya kitu, anamushika tena. Wapiganaji wengi wanateseka mu ile kamba ya kushikwa na kushikwa. Mu PAL, kutupa huko kuligeuzwa, na kamba ikakatika.

Kuko pia Ice Climbers, wale wawili wenye nyundo. Mu NTSC kulikuwa kosa la programu lenye linaweza kumugandisha mwenzake kabisa, asitikisike. Mu PAL waliliondoa. Mu NTSC halikuondolewa. Wachezaji wenyewe wakalikataza mu mashindano yao.

Kwa mutu mwenye anacheza siku ya mungu kwa kujifurahisha, mambo haya hayaonekane. Kwa mutu mwenye amefanya mazoezi miaka kumi, ni kama muchezaji wa mpira mwenye anaambiwa kwamba leo goli limepunguzwa nusu metre.

Picha 60 kwa sekonde moja

Juu ya nini mwili wa muchezaji unasikia tofauti ndogo hivyo? Jibu liko mu namna muchezo unahesabu wakati.

Melee inaonyesha picha 60 kwa kila sekonde. Kati ya picha moja na ingine kunapita kama sekonde 0,017. Vitu vyote mu muchezo vinahesabiwa kwa picha hizo. Kwa mufano, kuko namna ya kupunguza uzito wa kutua: ukipiga hewani, unafinya kibonye cha bega ya manete mbele kidogo ya kugusa chini, na mupiganaji wako anasimama mbio zaidi. Nafasi ya kufinya ni picha 7 tu, maana yake karibu sekonde 0,12. Muchezaji mukubwa anafanya hivyo mara mingi mu parti moja, bila kufikiri, wakati anaangalia mambo mengine.

Ubongo hauhesabu picha. Mikono njo inajifunza, sawa na mupiga gitari mwenye haangalie tena vidole vyake. Mukigeuza wakati ule kidogo tu, ama mukigeuza umbali wenye mutu anaruka akipigwa, mikono inaendelea kufanya yale ya zamani, na yote inaharibika.

Hapa kuko jambo lingine. Mu Ulaya, sawa vile kwetu, courant inazunguka mara 50 kwa sekonde. Marekani ni mara 60. Televizyo za zamani zilifuata hesabu hiyo, na michezo mingi ya Ulaya ilionyesha picha 50 kwa sekonde, ikaenda polepole kuliko ya Marekani. Melee ya Ulaya ilikuwa na ruhusa ya kuchagua 60, na wachezaji wa Ulaya wakafanya hiyo kuwa sheria yao. Ilikuwa hatua ya kwanza ya kukaribiana na wengine. Lakini nguvu za wapiganaji zilibakia tofauti.

Juu ya nini haikuwa ile yenye usawa zaidi?

Hapa musomaji anaweza kuuliza: kama PAL ilipunguza nguvu za wale wenye walikuwa wanapita kipimo, si ingekuwa muzuri dunia nzima ichague PAL?

Kwa karatasi, ndiyo. Wachezaji wengi wanakubali kwamba PAL iko na usawa zaidi. Lakini toleo lenye lilishinda ni NTSC 1.02. Sababu ni tatu.

Ya kwanza ni hesabu ya watu. NTSC ilifika mbele, na ilifika kwenye wachezaji walikuwa wengi: Marekani, Kanada, Japani. Wakati Ulaya ilipata diski zake, kule tayari watu walikuwa wanashindana. Ni kama kipimo cha soko. Guigoz haikushika mu masoko yetu juu iko kipimo kizuri kuliko vyote. Ilishika juu kila mama muuzaji anayo, na kila mununuzi anaijua. Ukikuja na kopo lako, hata likiwa la haki zaidi, utauza na nani?

Ya pili ni kwamba mashindano makubwa yenye feza mingi na wachezaji wengi yalikuwa Marekani. Mutu mwenye anataka kuwa bingwa wa kweli analazimishwa kwenda kule, na kule wanacheza NTSC.

Ya tatu ni vyombo vyenye watu walitengeneza kisha. Programu za mazoezi, na zaidi ya yote Slippi, yenye ilileta mu mwaka 2020 namna nzuri ya kucheza Melee kwa intaneti, zilijengwa juu ya NTSC 1.02. Slippi ilitoka mu mwezi wa juni, wakati korona ilikuwa imefunga watu mu nyumba na mashindano ya uso kwa uso yalikuwa yamesimama. Mwenye alitaka kucheza, alipaswa kuwa na toleo hilo. Baada ya hapo, mabishano karibu yaliisha.

Na juu ya nini 1.02, si 1.00? Ni ile ya mwisho kwa upande wa NTSC, na makosa machache ya kwanza yameondoka ndani yake.

Wenye walipoteza

Makubaliano yote iko na bei, na hapa waliolipa zaidi ni watu wa Ulaya. Kwa miaka mingi walikuwa na mashindano yao ya PAL, mabingwa wao, na ujuzi wao. Mutu mwenye alijua namna ya kutoka mu mapigo ya Falco mu PAL, ujuzi ule haumusaidie tena. Mwenye alichagua mupiganaji juu Sheik hawezi kumushika kamba, anakuta sasa Sheik anamushika.

Tena kulikuwa na gharama. GameCube ya Ulaya inakataa diski ya Marekani. Inaomba diski ya pekee ya kufungulia ao konsoli yenye kugeuzwa. Mwenye kutayarisha mashindano yenye televizyo makumi anapaswa kupata vyombo hivyo vyote.

Ndiyo sababu Ulaya haikugeuka kwa siku moja. Ilikuwa polepole, na mabishano mengi. Kwa muda murefu wachezaji wao wakubwa waliishi mu matoleo mawili. Armada wa Swedeni, mumoja wa wachezaji bora wa historia ya Melee, alikuwa anacheza PAL kwao na NTSC akivuka bahari. Mu mwaka 2009 alifika mashindano ya Genesis kwa California na akawa wa pili. Mu mwaka 2017 alishinda Evo kwa Las Vegas. Kufaulu kwake kulionyesha kwamba inawezekana. Lakini pia kulionyesha kwamba mutu wa Ulaya alikuwa anajifunza mara mbili kile ambacho Mumarekani anajifunza mara moja.

Toleo peke yake halitoshi

Kama wote wako na diski moja, bado kuko televizyo. Zile za kisasa, za bapa, zinapokea picha, zinaitengeneza kwanza, kisha zinaionyesha. Kazi hiyo inachukua muda. Ni mufupi sana, lakini kwa muchezo wenye nafasi ya picha 7 unahesabika. Televizyo za zamani, zile nzito zenye mugongo mukubwa, hazina ucheleweshaji huo. Ndiyo maana mu mashindano ya Melee mpaka leo utaona vijana wanabeba kwa mabega televizyo zenye wengine walitupa zamani.

Kuko na manete pia. Zile za GameCube hazitoke zote sawasawa kwa kiwanda: moja inakubali mwendo fulani wa kijiti, ingine inakataa. Watu walikuwa wanalipa feza mingi juu ya kupata manete "nzuri". Mu mwaka 2017 kukatoka programu yenye kuitwa UCF, yenye inasawazisha manete zote. Mashindano mengi yakaikubali. Maana yake ni kwamba, juu ya kulinda usawa, walikubali kugusa kidogo toleo lenyewe lenye walikuwa wanalinda.

Haiko Melee tu

Street Fighter II ya Capcom ilitoka mwaka 1991, na kwa miaka mitatu ikafuatwa na matoleo mengine: Champion Edition, Turbo, Super, na Super Turbo ya mwaka 1994. Kati yao kukaingia hata matoleo ya bandia, yenye watu waligeuza mashine bila ruhusa na kuongeza mbio. Yalipendwa sana mpaka Capcom ikajibu na Turbo, toleo lake lenye mbio. Kwa mashindano, Super Turbo njo ilibakia, lakini kwa sharti moja: Akuma, mupiganaji wa siri, hatumiwe, juu anapita wengine wote.

Street Fighter III: 3rd Strike ya mwaka 1999 iko na toleo la tarehe 12 mei na la tarehe 8 juni. La pili liliondoa mapigo ya Urien yenye mutu hawezi kuyazuia. Pamoja na hiyo, Fightcade, kwenye wengi wanacheza leo kwa intaneti, inatumia lile la mei. Hapa tena tunaona: toleo lenye kurekebishwa si lazima lishinde.

Nani mwenye muchezo?

Hakuna shirikisho lenye liliamua haya, wala rais, wala muhuri. Ni waandaaji na wachezaji wenyewe, mashindano kwa mashindano. Mwenye haki za muchezo, Nintendo, mara nyingi hakuwa upande wao. Mu mwaka 2013, wapenzi wa Melee walichanga zaidi ya dola 94 000 kwa utafiti wa kansa ya matiti, wakashinda nafasi ya kurudisha muchezo wao mu Evo. Nintendo ikataka kukataza kuonyeshwa kwake kwa intaneti, kisha ikarudi nyuma siku ile ile. Mu mwaka 2020, ikazuia mashindano ya The Big House yenye yangechezwa na Slippi.

Michezo ya leo haina ugomvi wa matoleo, juu kampuni inarekebisha zote pamoja kwa intaneti. Ni rahisi. Lakini toleo la jana linapotea, na kama kampuni inaharibu kitu, muchezaji hana namna ya kurudi. Wa Melee wanalala wakijua kwamba muchezo wao wa kesho ni ule wa jana.

Na kwetu?

Mwenye anataka kutayarisha mashindano mu kartie, hata ya Tekken ao ya mpira, anaweza kuchukua mambo manne hapa. Konsoli zote ziwe na toleo moja. Kama moja ilipata marekebisho ya intaneti na ingine hapana, hizo si muchezo moja tena. Televizyo ziwe za aina moja, na kama iko na hali ya mchezo mu menyu, muiwashe. Kila muchezaji ajaribu manete mbele ya kuanza, si kisha kupoteza. Na sheria ziandikwe kwa karatasi na kubandikwa kwa ukuta mbele ya kukusanya feza za kuingia.

Toleo lenye mutachagua linaweza kukosa kuwa bora kuliko yote, na mutu moja ataumia. Lakini siku ya fainali, mwenye kushindwa hatasema tena kwamba kwao muchezo ni mwingine.